Jinsi ya Kuwa Msimulizi wa Rakugo Nchini Japani

Anayetaka kuishi kwa rakugo, yaani kwa kupiga magoti peke yake juu ya mto wa kukalia na kuwachekesha watu kwa kisa, huku akiwa na pepeo la kukunja na kitambaa tu, hana budi kwanza kumpata mwalimu wa kumpokea. Nenda kwenye kumbi za yose, yaani kumbi za maonyesho ya rakugo, kama Suehirotei ya Shinjuku au Suzumoto Engeijo ya Ueno jijini Tokyo, sikiliza wasimulizi wengi kwa siku nyingi, kisha umwombe uanafunzi yule ambaye sauti yake hukufuata hadi nyumbani. Usivutwe na umaarufu, kwa kuwa jina la kisanii atakalokupa ni la ukoo wake, nawe utalibeba kazini.

Tokyo utaanza kama minarai, mwanagenzi wa kutazama, kisha utakuwa zenza, ambaye huandaa chai, hukunja kimono za wakubwa, hupiga ngoma na kugeuza mto kila msimulizi anapoondoka jukwaani. Hata mto una kanuni yake: upande usio na mshono ndio huelekezwa kwa hadhira. Nakusihi usiidharau miaka hii, ambayo aghalabu ni mitatu hadi mitano, maana ukiwa nyuma ya pazia unasikia kisa kile kile kikisimuliwa na watu tofauti, na sikio lako linanolewa.

Visa hupokewa kwa mdomo, na hutavisimulia hadharani kabla ya aliyekufundisha kuridhia. Jugemu, kisa cha mtoto mwenye jina refu kupindukia, huzoeza ulimi na pumzi. Shingo nayo ifunzwe: uso ukigeukia kushoto anasema mtu mmoja, ukigeukia kulia anajibu mwingine. Katika kula tambi, pepeo lililofungwa huwa vijiti na mkono wa kushoto hushika bakuli lisiloonekana. Vuta kwa sauti, tafuna, umeze ndipo useme, kwani mhusika akijibu kabla ya kumeza, tambi hutoweka machoni pa watazamaji.

Ukipanda kuwa futatsume, cheo kinachofuata zenza, utaruhusiwa kuvaa haori, koti la kuvaliwa juu ya kimono, na utaachiliwa kazi za utumishi, lakini maonyesho utajitafutia mwenyewe. Kwa maoni yangu hapa ndipo pagumu zaidi, kwa hiyo endelea kuomba visa vipya kwa wakubwa wa koo nyingine. Baada ya takriban miaka 10 huja cheo cha shin'uchi, ambacho wanawake wa Tokyo walikifikia kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na ambacho humpa mtu haki ya kufunga onyesho na kupokea wanagenzi wake.