Namna ya kubadili tarehe za Urusi ya Peter Mkuu ziwe za leo

Hadi 1699 Warusi walihesabu miaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na mwaka wao ulianza 1 Septemba. Desemba ya mwaka huo Tsar Peter aliamuru kwamba baada ya 31 Desemba 7208 ifuate 1 Januari 1700, kama walivyohesabu Wazungu wengi. Mwaka 7208 ukafungwa ukiwa na miezi minne tu. Ukikutana na tarehe ya zama zake, shughulikia mwaka kwanza, siku baadaye.

Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa herufi. ҂ЗСИ ni 7208: З ni 7, na alama iliyo mbele yake huigeuza elfu; С ni 200, И ni 8. Makarani walizoea kuacha elfu, hivyo "mwaka 206" ni 7206. Amri ya Peter haikuziondoa herufi hizo mara moja. Vipande vya shaba walivyopewa waliolipa kodi ya ndevu vina ҂АѰЕ, yaani 1705. Basi itazame herufi ya kwanza: З ni hesabu ya kale, А ni hesabu mpya, na hiyo usiitoe kitu.

Kwa hesabu ya kale, toa 5508 ikiwa mwezi ni Januari hadi Agosti. Toa 5509 ikiwa ni Septemba hadi Desemba. Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Peter alirejea Moscow kutoka Ulaya Magharibi 25 Agosti 7206, na siku saba baadaye ilikuwa 1 Septemba 7207. Zote mbili ni 1698. Anayetoa 5508 kila mahali huzigeuza siku saba kuwa mwaka na wiki moja.

Sasa siku. Peter alibadili hesabu ya miaka na mwanzo wa mwaka, lakini kalenda ya kale ya Juliasi hakuigusa, nayo ikatumika serikalini hadi 1918. Ili upate tarehe ya Gregori, kalenda tunayotumia leo, kwa karne ya 17 ongeza siku 10, mpaka 29 Februari 1700. Kuanzia 1 Machi 1700 ongeza 11, kwa sababu 1700 ulikuwa mwaka mrefu (wenye 29 Februari) kwa Juliasi lakini si kwa Gregori. Peter alizaliwa 30 Mei 7180: toa 5508, upate 1672, ongeza 10, upate 9 Juni. St. Petersburg ilianzishwa 16 Mei 1703, yaani 27 Mei.

Kabla ya kuongeza, hakikisha mwandishi hajaongeza tayari. Vita vya Poltava vya 1709, kati ya Urusi na Uswidi, ni kipimo kizuri: akiandika 27 Juni, anatumia Juliasi, 8 Julai, Gregori. Akiandika 28 Juni amefuata hati za Uswidi, ambayo kati ya 1700 na 1712 ilikuwa na kalenda yake, siku moja mbele ya Juliasi. Hizo ongeza 10.

Hati za Uingereza zina mtego wao: mwaka ulianza 25 Machi. Barua ya London ya Februari 1697 inayosimulia ziara ya Peter huko ni ya 1698; Februari 1697 alikuwa bado hajatoka Urusi.

Ukinakili, andika tarehe zote mbili: 27 Juni (8 Julai) 1709.