Seva ikisema haiioni hifadhidata: mambo ya kuangalia kabla hujagusa kitu

Simu ya namna hii huja asubuhi. Duka limeshafunguliwa, wateja wapo dirishani, na programu ya mauzo inagoma kufungua hifadhidata. Mwenye duka anauliza swali moja tu: "Data zangu zipo?" Mara nyingi zipo. Ila fundi akianza kubofya ovyo katika nusu saa ya kwanza, anaweza kuzipoteza kweli. Ninazungumzia SQL Server ya Microsoft, hasa toleo lake la bure la Express, maana ndilo ninalolikuta chini ya programu nyingi za famasi, maduka na uhasibu.

Kabla ya yote, nakili faili. Hifadhidata moja ina faili mbili au zaidi: yenye .mdf ndiyo yenye data zenyewe, yenye .ldf ni daftari la miamala, na nyingine huwa na .ndf pia. Simamisha huduma ya SQL Server, kwa sababu ikiwa inatembea faili zimeshikwa na Windows itakukatalia kuzinakili. Peleka zote kwenye diski nyingine, iwashe tena huduma, kisha ndipo uanze uchunguzi.

Nasisitiza zote. Niliwahi kuitwa kwenye famasi ambako kompyuta ilizimika umeme ulipokatika, ikakataa kuwaka. Fundi aliyenitangulia alichomoa diski, akachukua .mdf peke yake kwenye fleshi, akaifomati diski ile. Hifadhidata ikiwa imefungwa vizuri, SQL Server yenyewe hutengeneza .ldf mpya wakati wa kuiambatisha (attach), yaani kuiunganisha na seva. Ile haikufungwa, ilikatwa katikati ya kazi, na miamala iliyokuwa njiani ilikuwa ndani ya .ldf iliyofutwa. Seva ilikataa kila njia niliyoijua. Tukarudi kwenye bekapu ya wiki 3 nyuma, na yule dada wa famasi akakaa na boksi la risiti akiingiza moja moja.

Ukishanakili, soma ujumbe wa kosa hadi kwenye namba yake. Namba 26 inasema seva yenyewe haijapatikana, kwa hiyo usiguse faili: angalia kama huduma inatembea, kama jina limeandikwa sawasawa pamoja na mkia wake wa \SQLEXPRESS, na kama huduma ya SQL Browser, inayoielekeza programu kwenye seva husika, inawaka na fayawoli haijafunga mlango wa UDP 1434. Namba 4060 inasema seva umeifikia, ila hifadhidata ya jina hilo haipo pale, au akaunti yako hairuhusiwi kuifungua. Hapo mara nyingi utakuta mashine ina SQL Server mbili, kila programu ilikuja na yake, nawe umeingia isiyo yako. Andika SELECT @@SERVERNAME ujue uko wapi, halafu tazama orodha ya hifadhidata kwenye sys.databases.

Namba 5120 na 5123 ndizo zinazochosha watu, kwa sababu faili unaliona kwa macho yako na seva inasema haiwezi kulifungua. Ndani ya ujumbe huohuo kuna namba ya pili, ya Windows, na hiyo ndiyo ya kuifuata. Ikiwa 2, faili halipo pale ulipotaja. Ikiwa 32, limeshikwa na programu nyingine, pengine antivairasi au seva ya pili. Ikiwa 5, umenyimwa ruhusa.

Hapa kwenye 5 nitakaa kidogo. Faili hulifungui wewe, hata kama umeingia kama msimamizi wa mashine. Linafunguliwa na akaunti ya huduma, ambayo kwa Express kawaida ni NT SERVICE\MSSQL$SQLEXPRESS. Akaunti hiyo haina ufunguo wa Desktop yako wala folda yako ya Downloads. Diski ya mtandao uliyoipa herufi Z ni yako wewe uliyeingia. Huduma haina habari nayo. Tena SQL Server inapoitenganisha hifadhidata (detach, kuiondoa kwenye seva bila kufuta faili), inaweza kubana ruhusa za faili zibaki kwa aliyeitenganisha tu, kwa hiyo mwenzako akija kesho anakutana na ukuta. Dawa yake ni kuzinakili faili kwenye folda ya DATA ya seva husika. Zinakili, usizihamishe: faili likihamishwa ndani ya diski ileile linakwenda na ruhusa zake za zamani, likinakiliwa linapata ruhusa za folda mpya. Ninakusihi usimpe kila mtu ruhusa zote ili ufike haraka. Ruhusa hiyo hairudishwi na mtu, na siku moja mfanyakazi yeyote ataweza kulifuta faili la biashara nzima.

Namba 948 ni ya matoleo. Kwa ndani kila toleo lina namba yake ya hifadhidata, ndiyo utakayoiona kwenye ujumbe: SQL Server ya 2014 ni 782, ya 2019 ni 904, ya 2022 ni 957. Seva mpya hufungua faili la zamani. Ya zamani haifungui jipya kamwe, wala bekapu yake. Ukiliambatisha faili la mteja kwenye kompyuta yako yenye toleo jipya "kujaribu tu", limeshapandishwa na halishuki. Jaribu kwenye nakala. Na kama unarudi Express, pima ukubwa: hadi toleo la 2022 mwisho ni GB 10 kwa hifadhidata.

Ukiikuta hifadhidata kwenye orodha lakini hali yake ni SUSPECT (inashukiwa kuharibika) au RECOVERY_PENDING (inasubiri kurejeshwa), usiitenganishe, maana kuirudisha kunaweza kushindikana kabisa. Fungua ERRORLOG, faili la kumbukumbu za makosa ya seva, kwanza. Mara nyingine ni diski ya nje iliyochelewa kuwaka tu.

Kama unahama mashine na bado ile ya zamani inawaka, chukua bekapu ya .bak, kisha andika kwenye karatasi jina la seva, jibu la SELECT @@VERSION, njia za faili zote kutoka sys.master_files, na majina ya akaunti ambazo programu huingilia. Akaunti hizo hukaa kwenye master, hifadhidata ya seva yenyewe, hazisafiri na faili. Utaziunda upya, kisha utamfunga kila mtumiaji na akaunti yake kwa ALTER USER … WITH LOGIN.

Ikifunguka, endesha DBCC CHECKDB, amri ya kukagua uzima wa hifadhidata, kabla hujawaita watu warudi kazini. Mimi baada ya hapo humwomba muuzaji anisomee namba ya risiti ya mwisho aliyoitoa, nami naitafuta kwenye jedwali la mauzo. Nikiiona na kiasi kikalingana, ndipo naondoka.