Kuunda mbavu za bawa la Pietenpol Air Camper

Anza na mbavu za bawa, yaani fremu nyembamba zinazolipa bawa umbo lake, kabla ya kugusa kiunzi cha ndege. Zinakula mbao kidogo, na ubavu ukiharibika unautupa na kuunda mwingine. Bernard Pietenpol wa Cherry Grove, Minnesota, aliirusha ndege hii ya viti viwili mwaka 1929 kwa injini ya gari la Ford Model A, yenye nguvu ya farasi 40 hivi. Injini hiyo haina nguvu ya kubeba uzito wa bure, ndiyo maana papi za ubavu ni inchi 1/4 kwa 1/2 tu (milimita 6.4 kwa 12.7), na viraka vya maungio ni plaiwudi ya ndege ya milimita 1.6.

Mbao ni sprusi (mti wa jamii ya misonobari) yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Hesabu pete za mwaka: zisipungue sita kwa inchi. Nyuzi zisipinde zaidi ya inchi 1 katika inchi 15, la sivyo papi itapasuka palepale unapoikunja kwenye ukingo wa mbele. Hata papi nzuri iloweke kwanza kwenye maji ya moto, ikunje kwenye kalibu, iache ikauke kabisa ndipo utie gundi.

Kalibu ni ubao mnene ulionyooka. Usibandike nakala ya mchoro ukaiamini, kwa kuwa karatasi hutanuka na kusinyaa; chora umbo upya kwa vipimo, kisha gongomea vibao vya kushikilia papi. Paka nta kote. Mahali pa mihimili (mbao ndefu zinazopita ndani ya mbavu na kubeba bawa) weka vipande vya mbao vinavyozidi unene wa mhimili kwa nusu milimita. Bawa la awali ni kipande kimoja cha futi 29, na mbavu zote huteleza juu ya mihimili kutoka nchani. Tundu la mhimili likibana, ubavu huvunjika njiani.

Mafundi wa wakati ule walitumia gundi ya kaseini (protini ya maziwa), ambayo huoza ikipata unyevu. Tumia epoksi ya ndege, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, uipime kwa uwiano wa mtengenezaji. Usibane kwa nguvu: epoksi yote itakamuliwa nje na kiungo kitabaki kikavu. Gundisha viraka vya upande mmoja, subiri saa 24 kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi hivi, toa ubavu, ugeuze, malizia upande wa pili.

Kila unapochanganya gundi, gundisha pia vipande viwili vya mabaki. Vivunje kesho yake. Mbao ikichanika, gundi ni salama. Kiungo kikiachia safi, mbavu za mchanganyiko huo zote hazifai, hata zikionekana nzuri.

Vanishi ipakwe mwisho, ila acha wazi sehemu zitakazogusana na mhimili, kwani gundi haishiki juu ya vanishi.