Kupanga Sauti za Tanzia ya Kigiriki Jukwaani

Anza na mlango. Katika tanzia za Kigiriki mauaji mengi hufanyika ndani ya nyumba, hadhira ikiwa nje pamoja na korasi, yaani kundi linaloimba na kuyajibu matukio, kwa hiyo sikio ndilo shahidi. Pitia mswada na penseli, uweke alama kila panaposikika kisichoonekana: mfalme Agamemnon akilia kwamba amechomwa, watoto wa Medea wakiomba msaada mama yao anapowaua.

Mayowe hayo yafaa yapigwe na mwigizaji mwenyewe, nyuma ya mlango. Ukilazimika kutumia rekodi, spika ikae hapohapo nyuma ya mlango. Yakitokea kwenye spika za juu, watu huinua macho darini na mauaji yanahama nyumba. Punguza masafa ya juu kuanzia hezi 3,000 hivi, maana mbao huzuia sauti nyembamba kuliko nene. Ila usizidishe, kwani korasi inayajibu maneno yenyewe.

Korasi ya watu 12 au 15 ndiyo kazi ngumu. Ukimvisha kila mmoja maikrofoni, sauti moja inaokotwa na maikrofoni kadhaa kwa nyakati zinazopishana kidogo, na kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) maneno yanakuwa kama yanatoka bombani. Ukumbi ukiwa mdogo, acha makoo yafanye kazi. Ukiwa mkubwa, tega maikrofoni 3 ukingoni mwa jukwaa, umbali kati yake uwe angalau mara 3 ya umbali kutoka maikrofoni hadi mdomo. Spika za nyuma ya ukumbi zicheleweshe milisekunde 3 kwa kila mita kutoka jukwaani, kisha ongeza 10 hadi 15, ili sikio liamini sauti inatoka mbele.

Vinyago viletwe mazoezini mapema. Maikrofoni hukaa kwenye paji la uso, mbali na pumzi. Sauti ikivuma, punguza kidogo kati ya hezi 250 na 500.

Muziki wa asili ulikuwa wa aulos, zumari pacha lenye sauti kali, kwa hiyo filimbi laini haifai. Mvumo mzito wa kompyuta, ambao siku hizi unawekwa kila mahali bila sababu, uweke chini ya hezi 150, na ufifishe sekunde 10 kabla mjumbe, yule anayekuja kusimulia yaliyotokea nje ya jukwaa, hajafungua kinywa. Ukikatika ghafla pale anapoanza, neno lake la kwanza linapotea. Akishaanza kusimulia, usiweke chochote.