Kurekebisha Darubini ya Bunduki kwa Umbali Mfupi: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Mkoani Tanga, hasa pande za Muheza na Pangani, michungwa na minazi huziba upeo wa macho, na mwenye bunduki ya leseni hujikuta akirekebisha darubini yake, katika eneo aliloruhusiwa, kwa shabaha iliyo mita 25 tu. Darubini nyingi za bunduki kubwa zisizo na pete ya umbali, ile inayozungushwa kulingana na umbali wa shabaha, huwekwa kiwandani zifae shabaha ya yadi 100, yaani mita 91 hivi. Tofauti hiyo ndiyo huzaa kosa la paralaksi: taswira ya shabaha haitui pale ulipo msalaba wa kulengea, hivyo jicho likihama katikati, msalaba nao huonekana umehama ijapokuwa bunduki haijatikisika.

Kosa hilo hukadirika kabla ya kufyatua risasi hata moja. Kwa lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 40, jicho likiwa ukingoni kabisa mwa duara la mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho, kosa kwa mita 25 hukaribia milimita 15. Kwa nguruwe pori aliyevamia mihogo, kiasi hicho si kitu. Katika urekebishaji ni hasara kubwa, kwa sababu pembe iliyokosewa hubaki ndani ya darubini, na kwa mita 100 risasi hupotoka kama sentimita 6.

Hakikisha kwanza kwamba chemba haina risasi. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe, kamwe si kwenye jua, kisha zungusha pete ya lenzi ya jicho hadi nyuzi za msalaba zionekane kali mara tu unapotazama. Ndipo ulaze bunduki juu ya mifuko ya mchanga, isimame yenyewe, ulenge, na usogeze kichwa polepole juu, chini, kushoto na kulia bila kugusa kitako. Kama darubini ina pete ya umbali, izungushe mpaka msalaba uache kutembea. Namba zilizochorwa juu yake ni makadirio tu, na kwangu mimi msalaba uliotulia ndio ushahidi pekee.

Isipokuwa na pete hiyo, kazi yote inabaki kwa shavu, yaani jinsi unavyoliegemeza kwenye kitako. Rudisha kichwa nyuma hadi kivuli cheusi kizunguke picha: kikiwa na unene sawa pande zote, jicho liko katikati, na hapo shavu likae palepale kwa kila risasi, hata ikibidi kitako kiongezewe kitambaa. Punguza pia ukuzaji, kwa kuwa jicho likihama milimita 2 kwenye ukuzaji wa mara 10 kosa hufika hizo milimita 15, lakini kwenye mara 4 halizidi 6.

Risasi zikikusanyika pamoja chini ya alama, usiilaumu paralaksi upesi. Darubini hukaa sentimita kadhaa juu ya mtutu, na kwa karibu tofauti hiyo huonekana. Zikitawanyika bila mpangilio, rudi kwenye shavu kabla ya kugusa vizungusho vya kurekebishia.