Kufungua na kutengeneza upya shokapu za mbele za pikipiki ya mizigo ya matairi matatu

Pikipiki ya matairi mawili huinama pamoja na dereva wake inapokata kona, hivyo uzito hushuka kwa kufuata mstari wa shokapu. Ile ya matairi matatu hubaki wima, na nguvu ya kona huisukuma shokapu ya mbele kwa ubavu. Hapa Goma jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu barabara nyingi za mitaa zimepita juu ya mawe ya lava, yakiwemo yale yaliyoteremka kutoka volkano ya Nyiragongo mwezi Januari 2002 na kupasua mji hadi ziwani. Gurudumu la mbele hupigwa na jiwe upande mmoja huku bodi la nyuma, likiwa na mifuko ya sementi au makaa, likiendelea kusukuma mbele. Kwa hiyo mafuta yanapoanza kuvuja, sili ya mafuta, yaani pete ya mpira inayoyazuia mafuta yasitoke, ambayo mafundi wetu huiita spi, mara nyingi imeharibiwa na kitu kingine: bomba lililopinda, kromu iliyoliwa na kutu au bushi (pete ambamo bomba huteleza) zilizopanuka. Anayebadilisha sili peke yake bila kutazama hayo anamgharimu mwenye pikipiki fedha mara mbili.

Kabla ya kununua chochote, inua gurudumu la mbele, shika ncha za chini za shokapu kwa mikono miwili, kisha uzivute na kuzisukuma kuelekea mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, yaani kulegea, mwombe mwenzako aweke kidole mahali bomba la ndani linapoingia katika bomba la nje. Mchezo ukionekana hapo, tatizo limo ndani ya shokapu. Ukionekana juu, shingoni mwa usukani, beringi za usukani ndizo zimelegea au zimekwisha, na hakuna sili itakayoponya hilo. Futa pia bomba la ndani kwa kitambaa, ubonyeze usukani mara kadhaa, kisha utazame: utepe mwembamba wa unyevu ni jambo la kawaida, lakini tone linaloshuka ni uvujaji.

Pikipiki hii husimama yenyewe, na hapo ndipo watu hupata ajali, kwa kuwa hudhani haiwezi kuanguka. Ondoa mzigo wote, tafuta mahali tambarare, zuia matairi ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, kisha weka jeki chini ya fremu, karibu na injini, na uiongezee gogo imara la mbao. Usiitegemee jeki peke yake. Ondoa gurudumu, kebo ya breki na madigadi, ukiiweka dramu ya breki mbali na mafuta, kwa sababu brekishuu zikilowa mafuta hazishiki tena ipasavyo.

Mpangilio wa kulegeza una umuhimu kuliko nguvu ya mkono. Kwanza, shokapu ikiwa bado imefungwa mahali pake na springi ikiwa bado inasukuma ndani, legeza kidogo boliti iliyo chini kabisa ya kila mguu wa shokapu kwa ufunguo wa pembe sita. Boliti hiyo imeshika fimbo yenye matundu iliyo ndani. Ukisubiri mpaka springi imetoka, fimbo itazunguka pamoja na boliti na utapoteza saa nzima. Pili, legeza boliti inayobana bomba kwenye kishikio cha juu, kisha ulegeze kifuniko cha juu huku kishikio cha chini kikiwa bado kimelibana bomba. Ndipo utoe mguu mzima. Kifuniko hutoka kwa kishindo kwa sababu ya springi, basi kibonyeze chini unapozungusha nyuzi za mwisho, na uso wako usiwe juu yake. Baadhi ya pikipiki za mizigo zina springi za nje zinazozunguka bomba. Hizo zibane kwa kifaa chake kabla ya kugusa nati yoyote.

Mwaga mafuta ya zamani katika chombo na uyahifadhi. Ardhi yetu ya lava ina nyufa, na kinachomwagwa juu yake huzama upesi kuelekea Ziwa Kivu, ambako familia nyingi huchota maji. Kisha toa kizuia vumbi, toa klipu ya chuma kwa bisibisi ndogo, maliza kufungua boliti ya chini, na uyatenganishe mabomba mawili. Sili ya zamani itolewe taratibu, ukiweka kipande cha mpira au mbao chini ya bisibisi, kwa maana mkwaruzo mmoja katika kiti chake cha alumini utakuwa njia mpya ya mafuta.

Sasa imefika kazi yenyewe. Safisha kila kitu kwa petroli au mafuta ya taa, mbali na moto, kisha ulaze bomba la ndani juu ya kioo kinene na kuliviringisha polepole huku taa ikiwa nyuma yake. Mwanga ukionekana chini yake, kisha ukapotea, kisha ukarudi, bomba limepinda. Karakana yenye saa ya kupimia mpindo itakupa jibu la hakika zaidi. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa mpindo wa milimita 0.2. Bomba lililopinda kidogo hunyooshwa kwa presi na fundi anayejua kazi hiyo, kamwe si kwa moto, kwani moto hulegeza chuma na kuibandua kromu. Likiwa na mkunjo unaoonekana kwa macho, au ufa, litupwe.

Kisha pitisha ukucha juu ya kromu katika sehemu ambayo sili hupita. Vumbi la lava ni kali, na likikwama kwenye mdomo wa sili hulisaga bomba kila linapopanda na kushuka. Doa la kutu linalokwaruza ukucha litaikata sili mpya. Doa dogo hulainishwa kwa msasa laini sana wa namba 1000 au zaidi, uliolowa mafuta; shimo la kina linataka bomba jipya. Kutu iliyo juu, mahali sili isipofika, haidhuru kitu.

Bushi hutazamwa kwa mwanga: rangi ya kijivu ikiisha na shaba ikajitokeza, zibadilishwe. Shokapu nyingi za bei nafuu hazina bushi kabisa, na chuma huteleza moja kwa moja ndani ya alumini. Hizo zikipanuka, bomba la nje ndilo hununuliwa.

Springi mbili zisimamishwe pamoja mezani. Zikitofautiana kwa urefu, badilisha zote mbili. Wapo wanaoongeza washa au kipande cha bomba juu ya springi ili pikipiki ibebe zaidi; napinga mazoea hayo, kwa kuwa huinua pua ya pikipiki bila kuifanya springi iwe ngumu zaidi, na shimo la kwanza huipiga shokapu vilevile.

Wakati wa kuunganisha, weka washa mpya ya shaba kwenye boliti ya chini. Vika mfuko wa nailoni juu ya ncha ya bomba la ndani, paka grisi kidogo, ndipo uiteremshe sili, upande wenye kispringi chembamba ukitazama chini kwenye mafuta. Igonge sawasawa kwa kipande cha bomba la plastiki kinachoenea ukingoni mwake, ukiiweka sili ya zamani katikati, mpaka mfereji wa klipu uonekane mzunguko mzima.

Mafuta yawe ya shokapu, mara nyingi 10W (alama ya wepesi wa mafuta), kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Yakikosekana, mafuta ya giaboksi otomatiki yana wepesi unaokaribiana nayo. Mafuta machafu ya injini hayafai. Mimina, sukuma bomba juu na chini taratibu mpaka mapovu yaishe, lishushe hadi mwisho bila springi, kisha pima kutoka ukingo wa juu hadi uso wa mafuta. Miguu yote miwili iwe na kipimo kimoja. Mafuta yakizidi, hewa hukosa nafasi na shinikizo huisukuma sili itoke.

Rudisha miguu ikiwa na urefu sawa kwenye vishikio. Ekseli iingie kwa mkono. Ikidai nyundo, miguu haiko sambamba, basi legeza na uanze upya. Shusha pikipiki, ibonyeze mbele mara kadhaa, na ndipo ukaze ekseli na boliti zote kikamilifu. Jaribu breki pikipiki ikiwa tupu kabla ya kupakia, na baada ya siku chache za kazi rudia kukaza boliti za vishikio na kufuta mabomba kwa kitambaa kisafi, ukiangalia kama kuna tone jipya.