Makande kwenye chungu cha umeme: maharage yachemshwe kwanza

Kwa tunaotoka Nkuhungu alfajiri kwenda kazini Mtumba na kurudi giza limeingia, chungu cha umeme kinachopika polepole ni msaada mkubwa. Ila maharage mekundu yasiingie humo mabichi. Sisi tulifanya hivyo. Tulikula saa 2 usiku, na kabla ya saa 5 watu wanne tulikuwa tunatapika.

Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, inaitwa lektini. Inavunjwa na maji yanayotokota, na moto mdogo wa chungu hiki hauufikii mtokoto huo. Punje inalainika, sumu imebaki.

Kwa hiyo usiku loweka vikombe 2 vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe 1 cha maharage. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, injika kwenye gesi. Yakishatokota kwelikweli, hesabu dakika 10. Mimi naongeza hadi 20, maana Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari na maji yetu hutokota kabla ya kufika nyuzi 100.

Mwaga tena. Hamishia kwenye chungu, tia maji ya moto yapite punje kwa vidole viwili, funika, moto mdogo, saa 8 hadi 9. Nyanya zisubiri, zinachelewesha maharage kulainika. Jioni kaanga kitunguu na nyanya, tia chunguni pamoja na karanga za kusaga, changanya, acha dakika 20.

Maswali ya wasomaji:

Dada, umeme ukikatika mchana nisipokuwepo?
Kama hujui ulikatika muda gani, mwaga, mdogo wangu, hata kama yanaonekana yameiva. Najua inauma. Ukiwepo nyumbani, hamishia kwenye gesi papo hapo.

Luku haiishi haraka?
Changu ni cha wati 200. Saa 8 ni uniti 1.6. Angalia wati zilizoandikwa chini ya chako.

Shikamoo mama. Nyama iliyoganda naweza kuitia hivyohivyo?
Marahaba mwanangu. Hapana, iyeyuke kwanza kwenye friji usiku. Ikiingia barafu inakaa vuguvugu muda mrefu, na hapo ndipo vijidudu huzaliana.

Na choroko?
Hizo pika kwenye gesi tu. Zinaiva upesi, humo zitakuwa uji.